Chai ya Aliyegonga Bure

Nilifukuzwa kazi kwa sababu ya kugonga bati. Sisemi kwa mafumbo. Lilikuwa bati hasa, la kuezekea, lenye kutu upande mmoja, na nililigonga kwa kiganja changu mwenyewe mbele ya wageni waliovaa suti. Watu wakiniuliza kwa nini niliondoka kwenye kampuni niliyoianzisha, huketi vizuri wakingojea hadithi ndefu ya hisa na mawakili. Nikiwaambia ni bati, wanacheka. Mimi sicheki. Hadi leo nikipita barabara ya Waiyaki Way nikaliona lile jengo la vioo la kampuni hiyo, hasira hunipanda, na ikiwa nimepanda gari na mtu anaongea nami, huwa simsikii mpaka tulipite.

Tulianza River Road, katikati ya Nairobi, na tulikuwa wawili. Mwenzangu alitoka Mombasa, kwenye familia ya Kiislamu ya wafanyabiashara, na mjomba wake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi katikati ya ile vurugu yote. Juu ya duka palikuwa na chumba alichokuwa akirundika mikebe ya rangi. Mjomba alitupa chumba hicho kwa sharti moja, kwamba tusishuke ngazi kwa kishindo saa za swala. Tulikuwa tumesoma pamoja chuo kikuu, tukaajiriwa pamoja, tukaacha kazi pamoja. Watu walidhani tumeoana. Tulikuwa tumeoana na kompyuta mbili na shubaka la ukutani lililovuja maji.

Kazi tuliyoiacha ndiyo iliyotupa wazo. Huko, marekebisho ya programu yalikuwa yakirundikwa miezi na miezi, halafu yote yanapelekwa kwa watumiaji kwa mkupuo mmoja. Kila mara kitu kiliharibika, na hakuna aliyejua ni rekebisho lipi kati ya hayo mengi lililokuwa na kasoro. Mama yangu anauza mboga soko la Kangemi. Nilipomweleza jambo hilo aliniuliza ni mtu gani mwenye akili anayeleta lori zima la sukuma wiki siku moja, halafu aketi mwezi mzima akingoja liishe. Sukuma huja kidogo kidogo, kila asubuhi, na fungu likiwa limeoza unalijua siku hiyo hiyo.

Kampuni yetu ilikuwa hiyo tu, ukiondoa maneno ya kupendeza. Tuliunda mtambo wa kuwasaidia waunda programu wengine. Ukimaliza rekebisho dogo, mtambo wetu unalichukua, unalipima, na likifaulu unalipeleka kwa watumiaji palepale, mchana kweupe. Likishindwa linarudi kwa mwenyewe. Wataalamu wana jina refu la kazi hiyo. Sisi mtambo wetu tuliuita mfereji, kwa sababu ulikuwa wazi wakati wote na vitu vilikuwa vinapita ndani yake bila kukoma.

Sasa, mfereji ulio wazi wakati wote unatisha. Mashine hupima kile ilichoambiwa ipime, basi, na wakati mwingine kitu kibaya hupita mbele ya macho yake kikiwa kimechana nywele vizuri. Kwa hiyo tuliweka skrini ukutani iliyoonyesha kila kilichokuwa kikipita, na tukakubaliana kwamba yeyote akiona jambo asilolielewa apige kelele tusimame. Lakini hiyo ilikuwa River Road! Chini walikuwa wanakata mabomba kwa msumeno wa umeme. Kwenye chumba cha jirani kulikuwa na mashine ya kuchapa kadi za harusi iliyotikisa sakafu. Nje kulikuwa na stendi ya magari. Ungeweza kupiga kelele mpaka mishipa ikutoke shingoni na mwenzako akadhani unapiga miayo.

Mwenzangu ndiye aliyepata jibu, akiwa ameegemea dirisha na kikombe mkononi. Makondakta wa pale chini walikuwa wakisema na madereva kwa kugonga ubavu wa gari kwa kiganja. Mara moja, simama. Mara mbili, twende. Honi zote za Nairobi zilie, muziki ufunguliwe mpaka vioo vitetemeke, dereva atasikia kiganja kikigonga mara moja na kukanyaga breki. "Dada," aliniambia, "sisi tunataka bati."

Ungedhani tukiwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi bati halikuwa tatizo. Mjomba yule alikuwa hatoi hata msumari uliopinda. Isitoshe mabati mapya aliyokuwa akiuza yalikuwa mepesi, ukiyagonga yanalia kama mkebe wa biskuti. Basi nilikwenda Kangemi nikamwomba mama bati moja la banda lake la kuku, la zamani, zito, lililokuwa hapo tangu enzi za baba. Alinipa kwa shingo upande. Aliziba pengo kwa gunia na kuniambia nilirudishe mvua ikianza. Mvua zilianza na kuisha, zikaanza tena, na kila nilipompigia simu aliulizia bati lake kabla hajaulizia afya yangu.

Tulilipigilia ukutani karibu na mlango. Kanuni zake hatukuziandika popote, na kila aliyejiunga nasi alifundishwa kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Yeyote anaweza kugonga. Ukigonga mara moja mfereji unafungwa, iwe ni kazi ya nani. Hakuna anayekuuliza nani amekuruhusu wala kwa nini. Swali ni moja tu: "Umeona nini?" Unaeleza, wote wanakuja kuangalia, na wewe uliyegonga ndiwe utakayegonga mara mbili mambo yakiwa sawa. Si mwingine yeyote. Hata mimi na mwenzangu, wenye kampuni, hatukuwa na ruhusa ya kugonga mara mbili kwa niaba ya mtu.

Halafu kulikuwa na chai. Ukigonga bure, yaani ukatusimamisha sote na tukakuta hakuna kitu, aliyesimamishwa anakununulia chai na mandazi kwenye kibanda cha pale chini, na tunashuka wote kukutazama ukinywa. Mara nyingi ilikuwa bure. Nadhani tulikunywa chai mara nyingi kuliko tulivyookoa programu. Mhasibu wetu aligonga siku moja akihema, eti skrini imezimika na kampuni imekufa, kumbe alikuwa ameegemea swichi kwa makalio. Tulicheka mpaka machozi, na chai akanywa, tena ya maziwa mengi. Mwenzangu aliniambia siku hiyo, tukipanda ngazi, "Huyu tungemkaripia, kesho angeona moto na kunyamaza." Alisema hivyo. Yeye. Naomba usiyasahau maneno hayo, kwa maana yeye aliyasahau.

Tulikua. Sitasimulia kama wanavyosimulia kwenye mikutano, eti ndoto na jasho na kuamini. Tulikua kwa sababu mfereji wetu ulifanya kazi na watu wakaambiana. Kwanza alikuja mwenye programu ya maduka ya dawa, akamleta mwenye programu ya shule, ambaye akaleta wengine ambao sikuwahi kujua wametusikia wapi. Tulichukua chumba cha pili, halafu tukamwondoa mchapaji wa kadi za harusi kwa kumpatia chumba bora zaidi. Kulikuwa na vijana wanaofanya kazi kwenye ngazi, kompyuta magotini, na mjomba akawa anapita katikati yao akiguna. Nilikuwa na furaha. Nayasema hayo ili ijulikane kwamba sikuzaliwa na uso huu.

Kisha wakaja wawekezaji, na wawekezaji wakamleta mkurugenzi. Alikuwa Mkenya, mtu wa Kitisuru, mtaa wa matajiri, aliyefanya kazi ng'ambo muda mrefu na kurudi na tabia ya kusema "sisi" akimaanisha "nyinyi". Mwenzangu alimpenda. Alisema tunahitaji mtu mzima nyumbani. Nilimuuliza sisi ni nini, na akanijibu kwa kicheko.

Tukahamia kwenye lile jengo la vioo. Mwenzangu alilibeba bati kichwani mwenyewe kushuka ngazi za River Road, wafanyakazi wa mjomba wakimshangilia. Kule tulilitundika ukumbini, na wiki ile ile ya kwanza watu wa ghorofa ya chini wakalalamikia kelele. Mkurugenzi akasema tuwe wastaarabu. Badala ya bati, kila mtu akapewa kitufe chekundu kwenye kompyuta yake. Nilikubali, kitufe si kibaya. Baadaye ukikibonyeza kilikutaka kwanza uchague sababu. Baadaye tena kikawa kinamngoja msimamizi akubali. Halafu mkurugenzi akaanza kutuonyesha, kila Jumatatu, nani amesimamisha kazi mara nyingi kuliko wengine, na majina yalikuwa kwenye skrini kubwa kama ya wanafunzi waliochelewa shuleni.

Chai nayo ilikufa kifo cha kijinga kabisa. Kule kulikuwa na mashine jikoni iliyotoa chai, kahawa, na vitu vyenye povu, bure kwa kila mtu, siku nzima. Utamnunulia mtu chai vipi mahali ambapo chai ni ya bure? Msichana mmoja mpya alisimamisha kazi bila sababu, na nilipotaka aliyesimamishwa ampeleke chai, wote wawili walinitazama wakaionyesha mashine kwa kidole. Nilitaka kuing'oa ile mashine nikaitupe nje kupitia dirishani. Sikufanya hivyo kwa sababu madirisha ya kule hayafunguki.

Bati lenyewe lilihamishiwa mapokezi. Walilisugua kutu, wakaiacha ile ya upande mmoja kwa ajili ya urembo, wakalipaka vanishi. Wakalimulika kwa taa. Chini yake waliandika kwa herufi za shaba: SAUTI YA KILA MTU. Wageni walikuwa wakipiga picha nalo. Nilimwambia mwenzangu kwamba hapa tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Alinijibu kwamba nimezidi kuwa mkali, kwamba kampuni ikikua lazima mambo yabadilike. Ni kweli nilikuwa mkali. Lakini ukali wangu ulikuwa pale tangu siku ya kwanza, tena River Road alikuwa akiusifu.

Siku yenyewe ilikuwa ya wageni. Wawekezaji wengine, wakubwa kuliko wale wa kwanza, walikuwa wamekuja kuangalia kama watie mkono. Mkurugenzi aliamua tuwaonyeshe mfereji ukifanya kazi mbele ya macho yao, na onyesho likafanywa pale mapokezi, kwenye skrini kubwa kama ya sinema. Mteja wetu mmoja angetuma rekebisho halisi na wageni wangeliona likipita na kuwafikia watumiaji. Mteja aliyechaguliwa alikuwa yule yule wa tangu zamani, mwenye programu ya maduka ya dawa, ambayo sasa ilikuwa inatumika hata kwenye zahanati. Ndiyo programu inayochapa ile karatasi inayobandikwa kwenye pakiti: jina la mgonjwa, tembe ngapi, mara ngapi kwa siku.

Mama yangu ana presha. Dawa zake anazichukua kwenye zahanati moja Kangemi, na karatasi ya pakiti yake inachapwa na programu hiyo. Hasomi jina la dawa. Anasoma ngapi na mara ngapi, na anafanya hivyo hivyo.

Kabla ya onyesho, mkurugenzi aliwasimulia wageni hadithi ya bati. Aliisimulia vizuri, akaitia chumvi, akamfanya mama yangu kuwa bibi wa kijijini. "Katika kampuni hii," akasema kwa Kiingereza chake kile, "mtu yeyote, awe nani, anaweza kusimamisha kila kitu." Wageni wakapiga makofi. Mwenzangu alikuwa amesimama kando yake na tai mpya. Rekebisho likatumwa.

Nilikuwa nikitazama skrini kama nilivyoitazama tangu tulipokuwa na kuta za kuvuja. Hatua ya kupima rekebisho la mteja yule huchukua muda. Unaweza kuinuka, ukaenda kujiletea maji, ukarudi ukaikuta bado inaendelea, kwa sababu mambo ya dawa tuliyawekea vipimo vingi kwa makusudi. Siku hiyo ilimalizika kabla mkurugenzi hajamaliza sentensi. Kijani cha kufaulu, kijani, kijani, chini hadi juu. Nilielewa mara moja. Kuna mtu alikuwa amezima vipimo ili onyesho lisiwachoshe wageni. Kilichokuwa kikielekea kwenye zahanati zote zile hakikuwa kimepimwa na mtu wala mashine, na hatua iliyobaki ilikuwa moja.

Kitufe changu kilikuwa juu, kwenye kompyuta yangu, na kilihitaji idhini ya msimamizi. Bati lilikuwa mbele yangu. Nikaligonga.

Vanishi haikuwa imelipunguzia sauti hata kidogo. Kijana wa mitambo, mmoja wa wale wa ngazi za River Road, alifunga mfereji kabla hajafikiri. Mkono wake ulikumbuka wenyewe. Wageni wakadhani ni sehemu ya onyesho. Walipiga makofi tena, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na mmoja akainua simu kunipiga picha. Mimi nilikuwa nimesimama na kiganja kinaniwasha, nikingoja swali.

"Nani amekuruhusu?" mkurugenzi aliniuliza, akiwa bado anatabasamu kwa ajili ya wageni.

Nilimgeukia mwenzangu. Swali lilikuwa maneno mawili tu, na yeye ndiye aliyelitunga, tukiwa tumeketi juu ya mikebe ya rangi ya mjomba wake. Alinitazama. Najua alielewa, kwa sababu macho yake yalikwenda kwenye skrini, yakapanda ule mstari wa kijani, yakarudi kwangu. Alijua vizuri sana.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini. "Si leo."

Kisha akanipita, akanyoosha mkono, akaligonga bati mara mbili.

Kijana wa mitambo alinitazama mimi kwanza. Halafu akamtazama mkurugenzi, na akafungua mfereji. Rekebisho likaenda. Wageni wakapiga makofi kwa mara ya tatu, na watu wa chakula wakaanza kuzungusha sambusa.

Rekebisho lilikuwa zima, halikuwa na dosari yoyote. Jioni hiyo nilikaa peke yangu nikaviwasha vipimo na kulipitisha upya, na likafaulu kila kimoja. Hakuna mgonjwa aliyepewa dawa isiyo yake. Mama alimeza tembe zake kama kawaida na kunipigia simu kuniuliza bati liko wapi. Namshukuru Mungu kwa hilo, na hilo ndilo walilonipigia nalo kichwani.

Mkutano ulifanywa siku iliyofuata kwenye chumba chenye ukuta wa kioo, ili kila mtu atuone bila kutusikia. Mkurugenzi alikuwa na sauti ya daktari anayekueleza jambo la ndani ya tumbo lako. Nilikuwa nimeiaibisha kampuni. Nilikuwa nimesimamisha kazi bure, alisema, na ushahidi uko wazi, kwa sababu hapakuwa na kosa. Nilimuuliza ni nani aliyezima vipimo. Akasema hilo ni suala jingine. Nikamuuliza tena. Akasema vilizimwa kwa dakika chache tu, na kwamba kila kitu kilikwenda salama, au si hivyo? Damu ilinichemka hadi nikaona mwangaza kwenye kingo za meza. Mtu anafumba macho, anavuka Waiyaki Way, anafika ng'ambo akiwa hai, halafu anakuuliza kwa nini ulimpigia kelele.

"Kwa hiyo niligonga bure," nikasema.

"Bure kabisa."

"Basi chai yangu iko wapi?"

Mkurugenzi alidhani nina kiu. Wallahi, kama asemavyo mwenzangu, alielekeza mkono upande wa jikoni. Mimi sikuwa nikimwangalia yeye. Mwenzangu alikuwa ameinamisha kichwa anaisoma meza, meza tupu isiyo na kitu cha kusoma. Yeye alijua naomba nini. Ningesamehe hata zile mbili alizogonga kama angeinuka pale pale, mbele ya watu wote waliokuwa wakitutazama kwenye kioo, akanichukua tukashuka kutafuta kibanda.

Waliniwekea uchaguzi. Nikubali hadharani kwamba kusimamisha kazi ni jukumu la wasimamizi peke yao, au niondoke. Niliwaambia sitasema hivyo hata nikiwekewa kisu shingoni. Wakaandika kwamba nimeamua kufuata njia nyingine maishani.

Walinifanyia sherehe! Hilo ndilo linaloniamsha usiku meno yakiwa yamekazana. Kulikuwa na keki. Kulikuwa na watu wa juzi juzi waliosema nimekuwa mama kwao, na walikuwa hawalijui jina langu la pili. Mkurugenzi akatoa hotuba kuhusu moyo wa kampuni, kisha akaniomba nifumbe macho, na nilipofumbua walikuwa wamenishikisha bati. Zawadi. Walikuwa wamelipaka vanishi upya na kulichapa nembo ya kampuni katikati, ya bluu. Bati la mama yangu, wananipa mimi zawadi.

Mwenzangu alinifuata hadi kwenye lifti. Alitaka kunisaidia kulibeba, nikamwambia aliguse aone. Milango ilipoanza kufunguka akasema kwa haraka, "Chai yako nitakununulia, dadangu. Nakuahidi. Tutashuka River Road tukanywe."

"Ile chai hununuliwa siku hiyo hiyo," nikamwambia. "Mbele ya watu."

Amenitumia ujumbe mara nyingi tangu siku hiyo. Sijajibu hata mmoja.

Bodaboda wa kwanza alikataa kubeba bati, wa pili alinicheka, kwa hiyo nilitembea. Kutoka pale hadi Kangemi si mbali ukiwa mikono mitupu. Nikiwa na bati kichwani, upepo wa magari ulikuwa unalichukua kila lori lilipopita, na viatu vyangu vilikuwa vya sherehe. Watu walinipisha. Nadhani uso wangu ulikuwa unasomeka kutoka mbali.

Mama alikuwa uani akichambua mboga za kesho. Aliinua macho, akalitazama bati kabla hajanitazama mimi.

"Hii si ni ile bati yangu?"

"Ni hiyo."

"Nilisema uirudishe mvua ikianza." Akapitisha kidole juu ya vanishi. "Na nani ameipaka mafuta? Hawa watu wanajua hii ni ya kuku?"

Hakungoja nipumzike. Alileta nyundo, akaweka misumari mdomoni, akapanda stuli kando ya banda, na akaling'oa gunia lake lililooza kwa furaha ya mtu aliyelichukia kwa miaka. Nilimshikilia bati kutoka chini. Msumari wa kwanza aliuweka katikati ya ile nembo ya bluu, si kwa hasira yoyote, ni kwamba pale ndipo ubao ulipopita. Akagonga mara moja.

Nilisimama kama mfereji uliofungwa. Mikono yangu ililegea yenyewe, bati likateremka, na kuku wakatawanyika wakipiga kelele.

"Shika vizuri!" Mama alinichungulia kutoka juu, misumari ikimtoka mdomoni kama meno mabaya. Nadhani machozi yalikuwa yameanza kunitoka, maana aliitoa misumari yote na kuishika mkononi. Alichokuwa anajua hadi wakati huo ni kwamba nimefukuzwa kwa kusimamisha kazi mbele ya wageni. Nilikuwa nimemweleza hayo tu kwa simu.

"Kwani hiyo siku," akaniuliza, "uliona nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, nikiwa nimelishika bati kwa mikono miwili: kijani kilichokuja haraka mno, vipimo vilivyozimwa, karatasi za dawa, pakiti yake ya presha iliyoko kwenye kabati la sahani. Nusu ya maneno hakuyaelewa na hakujifanya anayaelewa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Na ilikuwa mbaya, hiyo kitu?"

"Hapana, Mama. Ilikuwa sawa tu."

Alifikiri kidogo. Akateremka kwenye stuli, akaiweka nyundo juu ya banda, na kujipangusa mikono kwa leso.

"Wacha hiyo bati kwanza," akasema. "Keti hapo nikupikie chai."

Aliipika ya maziwa, akatia sukari nyingi kuliko anavyoruhusiwa na daktari, akaketi mbele yangu akinitazama nikinywa. Niliinywa yote. Hasira haikuniisha, na sikutaka iniishe, lakini niliinywa yote, kisha tukatoka kwenda kumaliza banda.